Nyundo ya jirani na ukuta wako

Msomaji, iwe unaishi Tuwan mjini Kitale au Kanduyi mjini Bungoma, huenda siku moja jirani akaanza kujenga ghorofa. Mara nyingi msingi huchimbwa tu. Lakini penye udongo laini, mhandisi anaweza kuamua nguzo zipigiliwe ardhini kwa nyundo kubwa. Vikombe vitagongana kabatini, nawe utajiuliza: Je, nyumba yangu itapona?

Habari njema ni kwamba mtikisiko huo hukadiriwa kabla ya pigo la kwanza. Mwaka wa 1973 wataalamu wawili, Attewell na Farmer, walitoa kanuni ambayo hata mwanafunzi aweza kuitumia. Chukua nguvu ya pigo kwa jouli, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 1.5, kisha gawa kwa umbali wa mita. Utapata kasi ya mtikisiko, milimita kwa sekunde.

Hebu tujaribu. Nyundo ya tani 2 ikianguka mita 1 hutoa jouli 20,000 hivi. Kipeuo chake ni 141. Ukiwa mita 10 kutoka hapo, utapata milimita 21. Ukiwa mita 40, ni 5 na kidogo.

Sasa tazama sheria. Kanuni za Kenya za mwaka wa 2009 kuhusu kelele na mitikisiko zinakataza kupita sentimita 0.5 kwa sekunde, yaani milimita 5, nje ya mpaka wa ploti. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina urefu wa mita 30 tu! Kwa hesabu hiyo, nyundo yetu haifai humo.

Usiingiwe na hofu, lakini. Kanuni hiyo hukadiria kwa tahadhari, na udongo hutofautiana. Tena mwili huhisi mtikisiko mdogo sana, mapema kabla ukuta haujapasuka. Ndiyo sababu mhandisi mwangalifu hujaribu kwa mapigo mepesi huku akipima kwa chombo. Ikizidi, hutoboa shimo kwa mashine na kumimina zege badala ya kupigilia.

Wewe nawe fanya yako. Kabla kazi haijaanza, piga picha za kila ufa nyumbani, uandike tarehe. Mwulize jirani makadirio yake. Akikataa kusikia, peleka malalamiko NEMA. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi uhesabu ufa wako mapema, usije ukabishania usiokuwa na ushahidi.