Kiini, Utando na Mitokondria: Majina ya Sehemu za Seli na Uzito wa Maelezo katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza muundo wa seli yenye kiini pamoja na oganeli zake kwa kufuata majina ambayo sehemu hizo zimepewa katika Kiswahili. Majina hayo yamepatikana kwa kupanua maana za maneno ya kawaida, kwa kuambatanisha maneno na kwa kutohoa. Hoja inayojengwa ni kwamba ubora wa istilahi haupimwi kwa asili yake, bali kwa uwezo wake wa kubeba maelezo sahihi bila kumpotosha msomaji. Ugonjwa wa selimundu unatumika kuipima hoja hiyo.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1665, Robert Hooke alichapisha jijini London kitabu kiitwacho Micrographia. Humo alieleza vijumba vidogo alivyoviona kwa hadubini katika kipande chembamba cha gamba la mti unaotengenezewa vizibo vya chupa. Aliviita kwa jina linalotokana na neno la Kilatini cella, yaani chumba kidogo. Neno hilo limeingia katika Kiswahili kwa milango miwili: kuna selo, chumba cha mahabusu katika kituo cha polisi, na kuna seli ya biolojia. Kwa hakika, Hooke aliona kuta tupu, kwa kuwa seli zenyewe zilikuwa zimekwisha kufa. Waliomfuata waligundua kwamba seli hai imejaa sehemu zenye kazi mahususi, ambazo leo huitwa oganeli. Jina halikubadilika, kilichobadilika ni maelezo yake.

Mjadala wa istilahi za sayansi katika Kiswahili, uliozaa kazi kama Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990), mara nyingi huanza na swali la asili: je, neno litafutwe ndani ya Kiswahili na lugha nyingine za Kibantu, au litoholewe? Makala haya yanaanza na swali jingine: neno likishawekwa katika sentensi ya maelezo, linamfikisha msomaji wapi?

2.0 Seli na Kiini Chake

Seli ni za aina kuu mbili. Seli za bakteria hazina kiini kilichozungukwa na utando; DNA yake imo moja kwa moja katika sitoplazimu. Seli za wanyama, mimea, kuvu na viumbe wadogo kama amiba zina kiini bayana. Kundi hili la pili huitwa yukarioti, istilahi iliyotumiwa na Mfaransa Édouard Chatton mwaka 1925, nayo imeundwa kwa maneno ya Kigiriki eu, ‘njema’ au ‘halisi’, na karyon, ‘kokwa’. Kirai seli yenye kiini bayana kinasema jambo hilohilo kwa maneno anayoyajua mwanafunzi wa shule ya msingi.

Katika matumizi ya kawaida, kiini ni sehemu ya ndani kabisa ya kitu: ya mbegu, ya mti, ya yai, hata ya hoja. Upanuzi wa maana ulikuwa mwepesi, kwani nucleus, jina alilolitumia Robert Brown mwaka 1831 alipochunguza seli za mimea, nalo lilimaanisha kokwa ndogo. Kiini cha seli kimezungukwa na tando mbili zenye matundu yanayodhibiti kinachoingia na kinachotoka. Ndani yake imo DNA iliyopangwa katika kromosomu, ambazo katika seli nyingi za mwili wa binadamu ni 46. Neno kiini linataja mahali pa sehemu hiyo na umuhimu wake kwa wakati mmoja.

Ugumu unajitokeza katika kiini cha yai. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba yai ni seli anaweza kudhani kuwa sehemu ya njano ndiyo kiini cha seli hiyo. Sivyo. Katika yai la kuku lisilorutubishwa, sehemu ya njano ndiyo seli yenyewe, iliyojaa akiba ya chakula. Kiini cha kibiolojia kimo katika doa dogo jeupe lililo juu yake. Neno moja, basi, linataja kitu kizima na sehemu ya kitu hichohicho. Suluhisho si kulitupa neno, bali kulikamilisha. Kiini cha yai na kiini cha seli ya yai ni virai viwili tofauti, na neno seli lililoongezwa katika kirai cha pili ndilo linalobeba tofauti yote.

3.0 Utando, Ukuta na Wavu

Nomino utando imenyambuliwa kutokana na kitenzi tanda. Wingu hutanda, na maziwa yaliyochemshwa yakipoa hufanya utando. Utando wa seli nao ni mwembamba, wenye unene wa takribani nanomita 7 hadi 10, na umejengwa kwa tabaka mbili za fosfolipidi zilizochanganyika na protini. Hupitisha baadhi ya vitu na kuzuia vingine. Ukuta wa seli ni kitu kingine. Katika mimea, ukuta umejengwa hasa kwa selulosi na uko nje ya utando. Seli ya mnyama haina ukuta kabisa. Kuchanganya maneno haya mawili si kosa la mtindo tu. Penisilini huua bakteria kwa kuzuia ujenzi wa ukuta wake, na haiziathiri seli za binadamu kwa njia hiyo kwa sababu hazina ukuta wa kujengwa. Mwandishi anayeandika ukuta pale panapostahili utando anaifanya dawa hiyo isielezeke.

Kutoka kwenye utando wa nje wa kiini huendelea mfumo wa vifuko na mirija unaoitwa retikulamu ya endoplazimu. Kwa Kilatini, reticulum ni wavu mdogo, na tafsiri ya haraka ingekuwa wavu. Hata hivyo, wavu wa mvuvi hupitisha maji katika matundu yake, ilhali mfumo huu umefungika na husafirisha protini ndani yake. Kirai mtandao wa tando kinaeleza vyema zaidi: ni tando zilizounganika, na maneno yote mawili yanarejea kwenye mzizi uleule wa tanda.

4.0 Majina Yaliyotoholewa

Mitokondria ilipewa jina na Carl Benda mwaka 1898 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya ‘uzi’ na ‘chembe’. Katika Kiswahili, umoja na wingi vina umbo moja, na tofauti hubebwa na upatanisho wa kisarufi: mitokondria hii, mitokondria hizi. Kazi yake kuu ni kuibadili nishati iliyomo katika chakula, kwa msaada wa oksijeni, iwe katika molekuli za ATP ambazo seli inaweza kuzitumia. Maelezo ya kawaida huiita kiwanda cha nishati. Sitiari hiyo husaidia, lakini huvuta nyuma yake kitenzi zalisha, kana kwamba nishati huumbwa humo. Kitenzi sahihi ni badili.

Zaidi ya hayo, mitokondria ina DNA yake yenyewe. Ya binadamu ina jozi za besi 16,569 na jeni 37. Mwaka 1967 Lynn Margulis alitetea hoja kwamba mitokondria zilitokana na bakteria walioishi ndani ya seli nyingine, na hoja hiyo imekubalika kwa mapana. Lau jina lenyewe lingekuwa kiwanda, historia hii ingekosa pa kukaa, kwani kiwanda hakina ukoo. Jina lililotoholewa halina picha ya awali kwa msomaji wa Kiswahili, na kwa sababu hiyo linaacha nafasi kwa maelezo mapya.

Utohozi pia hulinda mfululizo. Ribosomu, laisosomu na kromosomu zina kijenzi kimoja kinachotokana na soma, ‘mwili’ kwa Kigiriki. Kutafsiri mojawapo pekee kungevunja mfululizo huo. Hata hivyo, ufanano wa majina si ufanano wa miundo: laisosomu, iliyopewa jina na Christian de Duve mwaka 1955, ina utando na huvunjavunja mabaki ya seli, ribosomu haina utando na hujenga protini. Majina ya watu huhitaji msaada zaidi. Golgi ni jina la Mtaliano Camillo Golgi, aliyeeleza oganeli hiyo mwaka 1898, na peke yake halisemi lolote. Vifuko vya Golgi humpa msomaji umbo. Sentensi inayofuata imweleze kwamba humo protini hurekebishwa, huainishwa na kufungashwa.

5.0 Selimundu: Istilahi Ndani ya Maelezo

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa wa selimundu. Istilahi hii ni mwambatano uliofuata mpangilio wa Kiswahili, neno kuu kwanza na kijalizo baadaye, nayo inataja umbo: seli iliyopinda kama mundu. Haitaji chanzo, na hapo ndipo maelezo huanza kuyumba.

Katika Kiswahili, damu ni nasaba. Husemwa ndugu wa damu, na damu nzito kuliko maji. Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe ana ugonjwa wa damu wa kurithi anaweza kuelewa kwamba damu ya upande mmoja wa ukoo ina kasoro, na lawama ikatafuta mwenyewe. Muundo wa seli unasema vingine. Seli nyekundu ya damu, kabla ya kukomaa, hupoteza kiini chake, kisha mitokondria na ribosomu. Inayozunguka mwilini kwa takribani siku 120 haina kiini wala kromosomu. Urithi haumo ndani yake.

Kasoro imo katika jeni iliyo kwenye kromosomu ya 11, ndani ya viini vya seli za uboho wa mifupa zinazozaa seli nyekundu. Badiliko la sehemu moja ya jeni hiyo hubadili asidi amino moja katika himoglobini. Oksijeni ikipungua, himoglobini hushikamana na seli hupinda. Mtoto hupokea nakala moja ya jeni hiyo kwa baba na moja kwa mama. Ikiwa kila mzazi ana nakala moja iliyobadilika, kwa kawaida wazazi wenyewe hawaugui, lakini kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata nakala zote mbili zilizobadilika. Hakuna upande mmoja ulioleta ugonjwa.

Kiswahili tayari kina neno la kuyabeba maelezo haya: vinasaba, lililoundwa kwa nomino nasaba na kiambishi cha ngeli ya ki-/vi-. Magazeti hulitumia kwa jeni na kwa DNA bila kutofautisha, na maandishi ya kitaalamu yanapaswa kulibana zaidi. Hata hivyo, kazi yake kubwa imekwisha kufanyika: limeitoa nasaba katika damu na kuiweka katika kiini.

6.0 Hitimisho

Kiini, utando, selimundu na mitokondria zimepatikana kwa njia tofauti, na kila moja inafaa pale ambapo maelezo yake hayaipingi. Waandishi wa vitabu vya kiada na wafasiri wa afya wanahitaji zaidi ya orodha ya visawe. Kila istilahi ijaribiwe ndani ya aya nzima ya maelezo, mbele ya msomaji ambaye hakusomea biolojia, kabla ya kusanifishwa. Mzazi aliyeketi kliniki na mtoto mwenye selimundu ni msomaji wa aina hiyo.