Mfuko unaoua fukusi bila dawa

IKIWA unaishi Langas, Kapsoya au Huruma mjini Eldoret, huenda kona moja ya nyumba yako ina magunia mawili au matatu ya mahindi kutoka Moiben, Ziwa au Turbo. Hicho ndicho chakula cha watoto hadi msimu ujao. Utayakinga vipi na fukusi na dumuzi bila kulala chumba kimoja na dawa ya unga ya kuua wadudu?

Jibu moja liko katika maduka ya pembejeo: mfuko usiopitisha hewa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walianza kuubuni nchini Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya kuhifadhi kunde. Chuo hicho si kigeni Eldoret. Wafamasia wake wamefanya kazi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, na kuanzia 2014 kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Eldoret katika utafiti wa kuhifadhi nafaka.

Kwa nje utaona gunia la kawaida la nailoni. Siri iko ndani, katika mifuko miwili ya polithini, kila mmoja wenye unene wa mikroni 80, yaani karibu na unene wa unywele. Usugue kwa vidole na utasikia ukichakarisha kama karatasi kavu. Plastiki laini hainyamazi kabisa, lakini hainguruki hivyo, nayo hunyumbuka ukiivuta.

Tofauti hiyo inatokana na umbo la ndani. Polithini ni nyuzi ndefu mno zisizoonekana kwa macho. Katika ile laini nyuzi zina matawi, kama miba iliyorundikwa, na hewa hupenya katika nafasi zilizobaki. Katika ile ngumu zimenyooka na kushikamana kama kuni zilizopangwa vizuri, hivyo hewa hupita kwa shida. Lakini plastiki ngumu mno hupasuka inapokunjwa. Ndiyo maana viwanda huchanganya aina hizo mbili, au huweka tabaka gumu la kuzuia hewa katikati ya matabaka mawili laini.

Mfuko ukishafungwa, wadudu waliomo huendelea kupumua hadi oksijeni inapungua. Hapo huacha kula na kuzaana. Ajabu ni kwamba wengi hufa kwa kiu, kwa sababu mdudu wa ghala hupata maji mwilini kwa kutumia oksijeni kuchoma chakula chake.

Lakini sikiliza, msomaji: mfuko huu haukaushi mahindi. Yakiingia na unyevu yatabaki na unyevu, na kuvu itaota. Baadhi ya kuvu hutoa sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafariki huko Makueni, Kitui na wilaya jirani. Novemba 2019 Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS) lilipiga marufuku aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu hiyo hiyo. Kuisonga ugali hakuiondoi. Kuila kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini, na hatari huzidi kwa mtu mwenye homa ya ini ya aina ya B.

Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Wengi hutumia chumvi: tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa, ngoja dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye chupa, anika tena. Isipoganda usishangilie mapema, kwani kipimo hiki hugundua tu unyevu unaozidi asilimia 15 hivi. Anika siku nyingine mbili juani, juu ya turubai wala si kwenye udongo, au omba muuzaji mwenye mashine ya kupimia.

Kabla ya kujaza, puliza kila mfuko hewa na uukamue, usikilize kama kuna tundu. Funga wa ndani kwa kamba, kunja shingo, funga tena. Kisha wa pili, halafu gunia. Liweke juu ya mbao, mbali na ukuta na panya. Tenga gunia moja la kula. Mengine usiyafungue kila wiki, maana kila ukifungua unawapa fukusi pumzi mpya.

Na yale mahindi yaliyooza uliyochagua na kuweka kando? Usimpe ng'ombe. Sumu hupita tumboni mwake na kutokea katika maziwa, yale yale unayomchemshia mtoto asubuhi.