Bei ya Kilo Isiyorudi

Risiti zote ninazo. Nimezibana ndani ya daftari la matumizi ya nyumbani, kwenye kurasa zile zile ninazoandika uzito wangu kila Jumamosi asubuhi, kwa hiyo ninapotaja fedha hapa sikisii. Ndani ya miaka miwili na nusu nimejaribu njia kadhaa za kupunguza mwili nikiwa hapa hapa Dar es Salaam. Moja kati ya hizo ilikuwa kali kuliko jambo lolote nililowahi kuutwisha mwili huu. Ndiyo iliyoleta matokeo ya haraka, na ndiyo iliyonila fedha nyingi zaidi.

Nilianza nikiwa na kilo 94, na urefu wangu ni sentimita 162. Ukichukua uzito ukaugawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, unapata 35.8. Shirika la Afya Duniani linahesabu 30 na kuendelea kuwa ni kiribatumbo. Presha ilikuwa imeanza kupanda, magoti yananiuma nikishuka kwenye daladala, na nilikuwa na umri wa miaka 41. Sikuwa natafuta urembo. Nilikuwa naogopa.

Programu niliyoingia iliuzwa na dada mmoja mchangamfu tuliyemwita kocha. Kifurushi cha siku 28 kilikuwa shilingi 385,000, na alinishauri nichukue vitatu, yaani wiki 12. Kiingilio shilingi 50,000. Chai ya "kusafisha tumbo" shilingi 45,000 kwa kila kifurushi, ambayo hakuna aliyesema ni ya lazima, ila kila mtu aliinunua. Jumla shilingi 1,340,000. Nilivunja kibubu na kuongezea fedha za mchezo wa ofisini, zamu yangu ilipofika.

Masharti yalikuwa haya: pakiti moja ya unga asubuhi, moja mchana, moja jioni, zote za kukoroga kwa maji. Jioni yai moja la kuchemsha na mboga za majani zisizoguswa na mafuta. Wali hapana, ugali hapana, tunda hapana. Kwa siku ilikuwa kama kalori 800. Nyumbani niliendelea kupika kama kawaida, maana mume na watoto wawili hawakujiunga na chochote. Nakumbuka jioni ya siku ya tisa nikiwa nimesimama jikoni, sufuria ya maharage ya nazi inatokota upande wa kushoto, mkono wa kulia nakoroga unga wa vanila kwenye kikombe cha plastiki. Tui lilipoanza kushika, nilizima jiko nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi mpaka harufu ipungue.

Wiki ya kwanza zilitoka kilo 3.2. Kwenye kundi letu la simu nilipongezwa kama bibi harusi. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba sehemu kubwa ya kilo zile yalikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na takribani gramu tatu za maji. Ukiacha wanga ghafla, akiba inatumika na maji yanaondoka nayo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kama kalori 7,700, na hakuna mwanamke wa ofisini anayechoma kilo tatu za hayo kwa siku saba. Nalitaja hili kwa sababu wauzaji wengi hutangaza matokeo ya wiki ya kwanza, na ndiyo wiki inayodanganya kuliko zote.

Zilizofuata zilitoka taratibu lakini zilitoka kweli: kilo moja, robo tatu, kilo moja. Na vitu vingine vikatoka. Wiki ya kumi nilikuta nywele zimejaa kwenye kitana, si unywele mmoja mmoja bali kishungi kizima, na sakafu ya bafu ikawa nyeusi. Nywele kukatika miezi miwili mitatu baada ya kupungua kwa kasi ni jambo linalojulikana kitabibu, na mara nyingi huota tena, lakini mimi sikuambiwa. Sikuambiwa pia kwamba kupungua haraka huongeza hatari ya mawe kwenye kifuko cha nyongo. Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Morogoro, akaniangalia mlangoni kabla hata hajaweka mkoba chini: "Mwanangu, unaumwa? Mbona umekwisha hivi?"

Usiku nilikuwa naangalia video za watu wanaopika. Saa nzima, wakati mwingine mbili. Nilidhani ni udhaifu wangu wa roho, mpaka nikasoma habari za jaribio la Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945, ambapo Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula vijana 36 wenye afya njema kwa wiki 24. Vijana wale waliota chakula, wakaanza kusoma vitabu vya mapishi. Na wao walikuwa wakipewa karibu kalori 1,600 kwa siku, mara mbili ya nilizokuwa nakula mimi.

Jumamosi ya kumi na mbili mizani ilisoma 80.5. Kilo 13.5 zimeondoka. Nililia kwa furaha, na sioni haya kuandika hivyo.

Jumatatu iliyofuata niliamka, nikaingia jikoni, na sikujua nile nini. Hakukuwa na karatasi ya wiki ya kumi na tatu. Nilipompigia kocha aliniambia, "Dada yangu, chukua kifurushi kingine, hapo hapo usilegeze." Fedha sikuwa nazo. Nikarudi kwenye chakula ninachokijua, kwa kiasi kile kile nilichokizoea tangu ujana, na mwili ukapokea kama ardhi ya kiangazi inavyopokea mvua. Baada ya miezi saba nilikuwa na kilo 91.

Sasa hesabu, na nitaifanya kwa haki. Katika zile wiki 12 sikununua chakula cha mchana kwa mama lishe, shilingi 3,000 kwa siku tano za kazi, kwa hiyo niliokoa 180,000. Gharama halisi inabaki shilingi 1,160,000. Ukiigawa kwa kilo 13.5 zilizotoka, kila kilo ilinigharimu kama shilingi 86,000, na hivyo ndivyo kocha angependa uhesabu. Mimi naigawa kwa kilo tatu ambazo hazikurudi. Kila moja ni kama shilingi 387,000.

Sisemi kwamba mlo mkali wa unga ni utapeli. Kuna utafiti wa Uingereza uitwao DiRECT, ulioongozwa na Roy Taylor wa Newcastle na Mike Lean wa Glasgow, ambao matokeo yake ya kwanza yalitoka mwaka 2017. Watu wenye kisukari aina ya pili waliishi kwa kalori 825 hadi 853 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 walikuwa na sukari iliyoshuka chini ya kiwango cha kisukari bila kutumia dawa za ugonjwa huo. Baada ya miaka miwili, asilimia 36. Ila soma walivyofanyiwa. Walisimamiwa kliniki na muuguzi au mtaalamu wa lishe, dawa zao zilirekebishwa, kisha chakula cha kawaida kikarudishwa hatua kwa hatua kwa wiki kadhaa, na waliendelea kuonwa baada ya hapo. Sehemu hiyo ya pili ndiyo iliyokosekana kwenye kifurushi changu, na ndiyo ambayo mnunuzi hana mazoea ya kuiulizia kwa sababu macho yote yako kwenye kilo zinazotoka. Mtu anayetumia dawa za kisukari au presha asithubutu kabisa kuanza mlo wa namna hii bila daktari wake kujua. Sukari inaweza kushuka hadi azimie.

Kuhusu ile chai nitasema kwa ukali kidogo. Kiungo chake kikuu kilikuwa sanamaki, dawa ile ile ya kulainisha choo ambayo bibi zetu walituchemshia. Sanamaki inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati kalori za chakula zimekwisha kunyonywa kwenye utumbo mwembamba. Unachopoteza ni maji na chumvichumvi, siyo mafuta. Shilingi 135,000 zangu zilikwenda chooni. Na afadhali sanamaki, kwani baadhi ya vidonge na chai za kukata mwili vimekamatwa katika nchi mbalimbali vikiwa na sibutramini ndani, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya moyo na kiharusi. Uliza usajili: dawa ni kwa mamlaka ya dawa, TMDA, chakula ni kwa shirika la viwango, TBS. Muuzaji akianza kuzungukazunguka, rudisha fedha mfukoni.

Jimu nilijiunga baada ya uzito kurudi. Nililipa shilingi 150,000 kwa miezi mitatu, nikaenda mara 11, yaani zaidi ya shilingi 13,600 kila nilipoingia. Mazoezi yana faida kubwa kwa presha, usingizi na moyo, lakini peke yake hupunguza uzito kidogo sana. Siku hizi natembea alfajiri na jirani yangu kutoka Sinza kupanda Mlimani, chuo kikuu, kabla jua halijachomoza. Nilinunua raba za shilingi 45,000. Nazihesabu upande wa presha, kwa sababu presha ndiyo iliyoshuka.

Kuna na sindano za semaglutaidi, ambazo sasa kila mtu anaziulizia. Dawa yenyewe ina nguvu: katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, waliochoma walipungua kwa wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68. Walipoacha, ndani ya mwaka mmoja walirudisha theluthi mbili ya walichopoteza. Bei niliyotajiwa dukani kwa mwezi mmoja ilizidi kodi yangu ya nyumba ya miezi miwili. Dawa ya kuendelea nayo kwa miaka, kwa mshahara wangu, haiwezekani, na kuianza nikijua nitaiacha ingekuwa kurudia kosa lile lile kwa bei kubwa zaidi.

Mwishowe nilikwenda kwa mtaalamu wa lishe hospitalini, kijana mpole. Shilingi 30,000 kwa kila kikao. Nilitarajia karatasi ya makatazo. Aliniuliza, "Dada, dumu la mafuta la lita tano linakaa kwako siku ngapi?" Mwezi mmoja, nikamjibu. Mko wangapi? Wanne. Akachukua kalamu. Lita tano kwa siku 30 kwa watu wanne ni kama mililita 42 kwa mtu kila siku, karibu vijiko vitatu vya chakula, na kila kijiko kina kalori 120 hivi. Nilishtuka, kwa sababu nyumbani mimi si mtu wa kukaanga vyakula. Mafuta yale yalikuwa kwenye mchicha, kwenye kitunguu cha kuungia maharage, kwenye wali.

Nikanunua mizani ya jikoni kwa shilingi 25,000. Unga niliokuwa nikisonga kwa ajili ya sahani yangu peke yangu ulifika gramu 200, kalori mia saba na kitu. Nimeushusha hadi gramu 110, tena dona, ambalo linakaa tumboni muda mrefu kuliko sembe. Mafuta ya nyumba nzima yameshuka hadi lita tatu kwa mwezi, ninapima kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye dumu. Soda ya ofisini, yenye zaidi ya gramu 35 za sukari kwa chupa, nimeiacha. Hayo matatu pamoja ni karibu kalori 600 kwa siku, na sijafuta mlo hata mmoja. Maharage ya nazi ninakula, upawa mmoja uliojaa.

Gharama ya mwaka: vikao sita ni 180,000, mizani 25,000. Kwa wiki niliokoa kama shilingi 14,000 kwa kuacha soda, kuacha chipsi mayai mara mbili na kupunguza mafuta, nikaongeza 17,000 za matunda, mboga, mayai na dagaa. Tofauti ya 3,000 kwa wiki 52 ni 156,000. Jumla shilingi 361,000. Nilitoka kilo 91 hadi 82. Leo, miezi minane baada ya kikao cha mwisho, niko 83. Kilo nane zilizobaki nje zimenigharimu kama shilingi 45,000 kila moja.

Njia hii nayo ina bei isiyokuwa kwenye risiti. Ni ya polepole kiasi cha kukatisha tamaa. Kuna miezi miwili mizani haikusogea hata nusu kilo. Inataka mwenye jiko akubali, na kwa dada anayeishi kwa shemeji, au kijana anayekula kwa mama lishe asubuhi na mchana, kupima mafuta kwa kijiko siyo jambo lililo mikononi mwake. Huyo ningemshauri aanzie kwenye soda na kwenye kipimo cha wali, aombe mboga mbili badala ya moja. Mwenye kisukari kipya na daktari wa kumsimamia, mlo mkali unaweza kumfaa kuliko ulivyonifaa mimi. Lakini kabla hajalipa hata senti, amwombe muuzaji amwonyeshe kwa maandishi atakula nini wiki ya kumi na tatu, ya ishirini na ya hamsini.

Dumu la lita tatu nililofungua tarehe mosi lipo hapa mezani ninapoandika. Leo ni tarehe 24, na limebaki robo.