Soma Maji Kwanza, Ndipo Uchague Chambo

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Katika uvuvi wa samaki aitwaye besi, methali hiyo haina budi kuwekewa mpaka, kwani asiyechagua chambo hurudi nyumbani na kapu tupu, na pengine mfuko mtupu pia. Wiki hii tunawazungumzia wazazi wanaopenda kuwapeleka watoto wao kuvua katika Ziwa Naivasha, nchini Kenya, nyakati za likizo.

Besi wa mdomo mpana si mzaliwa wa ziwa hilo. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini, naye aliletwa Naivasha mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Mwaka 1970 akaletwa kamba mwekundu wa maji baridi, mwenye asili ya kusini mwa Marekani, akawa chakula muhimu cha besi. Hivyo chambo bandia chenye rangi ya hudhurungi au wekundu wa kutu, kikiburutwa polepole karibu na tope, humwigiza kiumbe ambaye besi amezoea kumla.

Samaki huyu huwinda kwa macho, na pia huhisi mitikisiko ya maji kwa mstari wa hisia ulio ubavuni mwake. Kwa hiyo kabla ya kufunga chambo tujiulize maswali mawili: je, ataweza kukiona? Na asipokiona, ataweza kukihisi?

Maji yakiwa maangavu, besi ana nafasi ya kukikagua chambo. Hapo hufaa rangi za asili, umbo dogo na mwendo wa utulivu. Mvua zikinyesha, mito Malewa na Gilgil huingiza udongo ziwani na macho ya samaki hupungukiwa na nguvu. Hapo hufaa chambo chenye bapa la chuma linalozunguka na kutikisa maji, chenye rangi nyeusi au inayong'aa sana.

Alfajiri na jioni, besi husogea kwenye maji haba kuwinda. Chambo kinachoelea, mfano wa chura, humvuta hadi juu. Jua likiwa kali, yeye hujificha kwenye vivuli vya mafunjo na magugu maji. Hapo hufaa nyungunyungu wa plastiki laini, ncha ya ndoana ikiwa imefichwa ndani ya mwili wake ili isinase majani. Maji yakipoa, mwili wa samaki nao hupoa na hamu yake ya kukimbiza hupungua. Basi tupunguze mwendo wa kuvuta mshipi.

Ipo pia alama ya kutazamwa dukani. Chambo chenye umbo la samaki mara nyingi huwa na kibapa kidogo chini ya kichwa. Kwa kawaida, kibapa kikiwa kirefu chambo huzama zaidi. Kikiwa kifupi hubaki karibu na uso wa maji. Mzazi ajuaye haya hatahadaika na urembo wa rafu za dukani. Vyambo vitatu vinatosha kuanzia: cha kuelea, chenye bapa la kuzunguka, na nyungunyungu. Fedha inayobaki ina kazi nyingi nyumbani.

Lakini kuna jambo zito kuliko chambo. Besi dume huchimba kiota na kuyalinda mayai, kisha huwalinda vifaranga kwa siku kadhaa. Akiwa hapo huuma karibu kila kitu kinachopita, si kwa njaa bali kwa ulinzi. Akiondolewa, samaki wengine huvamia kizazi chake upesi. Kumnasa baba aliye kwenye ulinzi ni ushindi rahisi wenye hasara kubwa, tumpite. Aidha, tuchukue samaki wa kutosha kitoweo tu, na vipande vya plastiki na mishipi iliyokatika turudi navyo, kwani ndege huinasa miguuni.

Tusisahau kwamba Naivasha ni makazi ya viboko. Tuwe na kibali cha uvuvi, tufuatane na mwenyeji anayezijua njia zao, na mtoto asisimame peke yake kwenye mafunjo, hasa alfajiri na magharibi.

Mtoto aliyefundishwa kutazama maji, upepo na mwanga kabla ya kurusha ndoana amejifunza kutafakari kabla ya kutenda. Faida hiyo huibeba nyumbani hata siku ambayo samaki hawakuuma.