Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini Atacheza Wapi?

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Sina ugomvi nao. Ila nawauliza wasomaji wangu, walimu kwa wanafunzi: asiye na ukumbi kwao atacheza wapi?

Mtaani Ngara, jijini Nairobi, palikuwa na jumba la sinema lililoitwa Shan, mashuhuri kwa filamu za Kihindi. Kanda za video zilipoingia majumbani mwa watu, majumba mengi ya aina hiyo nchini yalikosa watazamaji. Baadhi yakawa makanisa, mengine maduka. Shan lilipata bahati nyingine. Shirika la Sarakasi Trust, lililoanzishwa mwaka 2001, lililichukua na kuligeuza ukumbi wa sarakasi, ngoma na muziki, likaitwa Sarakasi Dome.

Hekima ya jambo hilo ni bayana. Jumba la sinema huwa na dari ya juu, na mwanasarakasi anayerushwa hewani hawezi kufanya kazi chini ya dari fupi. Sakafu huinuka kuelekea nyuma, hivyo aliyekaa mwisho hatazami visogo vya wenzake. Linalobaki ni kujenga jukwaa mbele, palipokuwa pazia, na kutafuta vyumba vya kubadilishia mavazi.

Kinachoniuma ni hiki: wanasarakasi wengi wa Kenya ni wana wa Pwani, lakini ukumbi wa fani yao uko Nairobi. Hapa kwetu Adu nimewaona wanafunzi wakifanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza chini ya mwarobaini. Upepo ukivuma, maneno hayafiki safu ya tatu. Mwanzele, ngoma ya Wagiriama, huchezwa uwanjani vumbi likitimka, mvua ikinyesha kila mtu kwake.

Tusiseme hili ni jukumu la wakubwa wa Nairobi. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma, na imetaja sinema, maktaba na makumbusho waziwazi. Siiombi Kaunti ya Kilifi kasri. Jengo kuukuu lenye kuta imara, likikarabatiwa badala ya kubomolewa, latosha kuwa mwanzo.

Walimu wenzangu, wananchi wanapoitwa kutoa maoni kuhusu bajeti, twendeni tukalitaje. Tusipolitaja sisi, watoto wetu wataendelea kuchezea ugenini, na watakaowatunza watakuwa wageni.