Ukoma Una Dawa, Lakini Kutengwa Je?

Askari arudi nyumbani kutoka lindo la usiku, aketi kizingitini na kuvua buti. Mkewe aona damu kwenye soksi. Soksi inapovuliwa, yaonekana msumari umetoboa soli ukaingia wayoni, na kwa jinsi damu ilivyoganda, umekuwamo humo tangu usiku wa manane. Lakini mwenyewe hakuchechemea, wala hakujua. Jirani watacheka na kumsifu kuwa ni mwanamume kweli kweli, hasikii maumivu. Mke mwenye busara hatacheka. Mguu usiosikia msumari ni mguu wa kupelekwa zahanati siku hiyo hiyo. Kisukari chaweza kuwa ndicho kilichoua hisia hizo. Na ukoma pia waweza kuwa ndio.

Neno hilo likitajwa katika nyumba za kambi, mara nyingi mazungumzo hukatika. Katika Uganda, ambako kwa Kiganda huitwa ebigenge, ugonjwa huu umeogopwa tangu zama za mababu, na walioupata wakajengewa vibanda vyao mbali na watu. Hofu hiyo ilikuwa na sababu zake wakati ule, kwa kuwa hapakuwa na dawa, na macho ya watu yaliona vidole vikipotea. Ajabu ni kwamba dawa imekuja, tena hutolewa bure, na hofu ingali palepale.

Yafaa kwanza kueleza ugonjwa wenyewe ulivyo. Mwaka 1873 daktari wa Kinorwe aitwaye Gerhard Armauer Hansen aligundua kijidudu kinachouleta. Kwa hiyo si laana, si uchawi, wala haurithiwi kama urithiwavyo urefu au rangi ya macho. Kijidudu hicho huzaana polepole mno. Aliyeambukizwa leo aweza kukaa miaka mitano kabla ya dalili kuonekana, na wengine hukaa hata miaka 20. Waganga wanaamini kwamba huenea zaidi kwa matone yatokayo puani na mdomoni mwa mgonjwa ambaye hajaanza kutibiwa, baada ya kuishi naye karibu kwa muda mrefu. Si kwa kupeana mkono, wala kwa kuketi naye benchi moja kwenye lori. Zaidi ya watu 95 katika kila 100 wana kinga ya asili, na hata wakiambukizwa hawaugui.

Dalili ya kwanza huwa ndogo: baka mwilini lililopauka kuliko ngozi, au jekundu kidogo, lisilowasha na lisilouma. Ukiligusa kwa unyoya au uzi wa pamba, mwenyewe hasikii. Kwa kuwa haliumi, halimpeleki mtu kwa mganga, na hapo ndipo madhara yanapoanza.

Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limependekeza mchanganyiko wa dawa, na tangu mwaka 1995 dawa hizo zimetolewa bila malipo ulimwenguni kote. Matibabu huchukua miezi 6 kwa wenye mabaka machache, na miezi 12 kwa ambao ugonjwa umewaenea. Kila mwezi mgonjwa humeza kipimo kimoja mbele ya mhudumu wa afya, na vingine humeza kila siku nyumbani. Mara tu baada ya kuanza dawa, mgonjwa haambukizi tena. Jambo hili lastahili kusemwa mara mbili, kwa sababu hata miongoni mwa watu waliosoma wapo wasiolijua: anayetumia dawa haambukizi.

Familia nayo ijue mapema kwamba moja ya dawa hizo hugeuza mkojo kuwa mwekundu, na nyingine huitia ngozi weusi usio wa kawaida, ambao huondoka taratibu baada ya dozi kwisha. Wapo walioacha matibabu katikati, si kwa kuwa yaliwashinda, bali kwa kuwa majirani walianza kuulizana kwa nini uso wa fulani unabadilika. Minong'ono hiyo ya kisimani yaweza kumgharimu mtu mguu.

Hesabu yake ni hii. Mwenye baka aogopa kusemwa, basi avaa mikono mirefu. Askari au polisi aogopa pia kwamba akijulikana ataondolewa kazini, basi afika zahanati kwa malaria na kifua, lakini baka halionyeshi. Mwaka wapita, na wa pili. Mishipa ya fahamu ya mkononi na mguuni yaharibika. Vidole vyapinda, kope haifungi, kidonda chatokea wayoni. Sasa watu wamwona na kusema: tazameni, ukoma ni ugonjwa wa kutisha, ni haki kuuficha. Na kijana mwingine mwenye baka dogo, asikiaye maneno hayo, ashusha mikono ya shati lake.

Kuhusu vidole, wengi wangali wanaamini kwamba ukoma huvila. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore huko India tangu miaka ya 1940, alionyesha kwamba kinachoharibu mkono ni majeraha yasiyosikika: sufuria ya moto, mpini wenye mkwaruzo, kiatu kinachobana. Wakati fulani wagonjwa wake waliamka asubuhi na kukuta sehemu ya kidole haipo. Ulinzi ulipowekwa usiku, iligunduliwa kwamba panya ndio waliokuwa wakiguguna vidole visivyo na hisia, na mwenyewe amelala usingizi. Tangu hapo aliyeruhusiwa kwenda nyumbani alipewa paka. Dawa hiyo haikutoka katika chupa, na ilifanya kazi vizuri.

Katika Uganda, historia ya kuwatunza wagonjwa hawa ina sura mbili, na zote zapaswa kusimuliwa. Katika ziwa Bunyonyi, karibu na Kabale, kuna kisiwa kiitwacho Bwama. Mwaka 1931 daktari mmisionari wa Kiingereza, Leonard Sharp, alianzisha huko makazi ya wagonjwa wa ukoma. Palijengwa hospitali, kanisa na nyumba, na watu walilima na kuishi kama kijiji. Kwa waliofukuzwa kwao, Bwama palikuwa mahali pa kuitwa kwa jina, na hilo si dogo. Lakini kisiwa ni kisiwa. Maji yaliyowalinda wagonjwa na mawe ya watu ndiyo yaliyowazuia kuona watoto wao wakikua. Leo wagonjwa hawapo tena, na wanafunzi wa sekondari wanasoma hapo.

Sura ya pili iko Buluba, katika nchi ya Busoga, kando ya ziwa Victoria, ambako watawa wa Kifransisko walifungua kituo katika miaka ya 1930. Mwaka 1951 alifika hapo daktari kutoka Poland, Wanda Błeńska, mwanamke aliyekuwa amepitia vita: wakati Wajerumani walipoikalia nchi yake alitumika katika jeshi la siri. Alikaa Buluba zaidi ya miaka 40, akafariki kwao mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 103. Wasomaji ambao ni askari wataelewa kwamba mtu wa namna hiyo hakuwa mjinga wa hatari. Hata hivyo aliwapima wagonjwa kwa mikono mitupu, bila glavu, isipokuwa pale kazi yenyewe ilipozidai, kama katika upasuaji. Alijua anachokifanya. Mgonjwa ambaye mamaye mzazi alimwekea chakula chini na kurudi nyuma, leo daktari amshika mkono, augeuza, aubonyeza kidole kwa kidole na kuuliza wapi pasikiapo. Wahudumu waliosimama kando walikuwa wakitazama pia, na wakajifunza. Kituo cha mafunzo cha Buluba kina jina lake hadi leo.

Hapo ndipo suala la hali ya mgonjwa katika matunzo linapoonekana wazi. Vidonge ni vilevile, lakini havifanyi kazi ile ile mikononi mwa kila mtu. Mhudumu akisukuma bakuli kwa ncha ya kidole, mgonjwa hatamwambia kwamba usiku jicho lake halikufumba, wala kwamba mshipa wa kiwiko umeanza kuuma. Na maumivu hayo ya mshipa ni jambo la haraka: mwili waweza kufura na kuwaka ghafla hata dawa zikiwa zinaendelea, au hata zimekwisha, na asipopewa matibabu mapema mkono hupooza. Aliyezoea kudharauliwa hukaa kimya, na ukimya huo huandikwa katika karatasi kuwa mgonjwa hana shida.

Serikali nazo zimekosea. Japani iliendelea kuwafungia wagonjwa kwa sheria hadi mwaka 1996, miaka mingi baada ya dawa kupatikana. Na walipofunguliwa, wengi walikuwa wazee wasio na pa kwenda, kwa kuwa jamaa zao walikwisha kufuta majina yao katika mazungumzo ya nyumbani. India iliondoa ukoma miongoni mwa sababu za kuvunja ndoa mwaka 2019 tu.

Basi mke wa yule askari wa msumari atafanya nini, zahanati ikithibitisha kwamba ni ukoma? Hahitaji kutenga sahani, kikombe wala kitanda. Watoto na wote waishio nyumbani wapelekwe kupimwa, maana kwa walio karibu na mgonjwa kuna dozi moja ya kinga ambayo mganga aweza kuitoa. Kila jioni mguu ulowekwe katika maji ya baridi, si ya moto, kwa kuwa hatajua yakimchoma. Ngozi ngumu isuguliwe taratibu kwa jiwe, kisha ipakwe mafuta ungali una unyevu. Wayo utazamwe kwa taa, na kwenye kope na viganja vilevile. Viatu vikaguliwe ndani kwa mkono kabla ya kuvaliwa. Soli iwe laini kwa ndani na ngumu kwa nje, iliyoshonwa au kugundishwa, si ya kupigiliwa misumari. Sufuria ishikwe kwa kitambaa, na mpini wa jembe uvishwe nguo kuukuu.

Kazi hii yaweza kufanywa na mtoto wa miaka kumi, tena watoto huifanya vizuri kuliko wakubwa, kwa sababu macho yao ni makali na hawajafundishwa kuona haya. Na jirani wa nyumba ya pili akija kuuliza kulikoni taa imewashwa chini ya miguu ya baba, aletewe kigoda aketi, amiminiwe chai kutoka birika lile lile.