SOKO LA NGUZO: Mti wa Meru unapoingia shimoni

Mfanyabiashara wa Kisongo akiuza nguzo za mikaratusi, amuulize mnunuzi zinakwenda wapi. Fundi ujenzi atazishikizia zege wiki chache, kisha atazing'oa. Anayepeleka Mererani, kwenye tanzanite, anataka mti utakaobeba mlima.

Wachimbaji wadogo nchini huziita matimba. Mwamba wa Mererani umekunjamana na una kinywe, madini yale yale ya ndani ya penseli, ambayo huteleza. Baruti ikishatikisa, tabaka lililolalia kinywe huweza kuachia ghafla. Mererani inakumbukwa kwa mafuriko ya Aprili 1998 na ya Machi 2008, yaliyoua makumi ya watu kwa mara moja. Dari huua mmoja mmoja, na habari zake mara nyingi hazifiki gazetini.

Ugumu uko kwenye mahesabu. Mwenye kitalu hugharamia chakula, mafuta ya mashine na baruti. Vijana wake, wanaapolo, kwa kawaida hawana mshahara, wanangoja mgawo jiwe likitoka. Jiwe likikawia, matimba hupunguzwa mapema, maana nguzo haichimbi. Kwa maoni yetu hesabu hiyo ni mbovu hata kabla ya kutaja roho ya mtu: dari likishuka hufukia mashine na njia pamoja, na kuizibua ni siku nyingi za kulisha watu bila kuchimba.

Basi mnunuzi atazame nini? Unene na urefu kwanza. Kwa nguzo nyembamba, ukiongeza urefu mara mbili bila kuongeza unene, uwezo wake hushuka hadi karibu robo. Mti mbichi ni rahisi kuupata, lakini ukikauka husinyaa, kabari zikalegea, na nguzo ikabaki imesimama bila kubeba kitu. Uliooza kwa unyevu wa shimoni ubadilishwe. Sifa moja chuma hakiifikii: mti ukizidiwa hulia kabla ya kuvunjika, ndiyo maana wachimba makaa ya mawe wa Ulaya waliupenda paini kwa miaka mingi.

Kabla ya kila zamu, dari ligongwe kwa mtaimbo. Likilia kama kengele limeshika. Likilia kama ngoma limeachana ndani. Liangushwe au lipigwe matimba kabla mtu hajapita chini yake. Mtaimbo huo kila kitalu tayari unao.